Tulimpa mzee heshima, tukamnyima vipindi



Ndugu msomaji, jambo ninaloandika leo mimi mwenyewe nimo ndani yake. Kwa hiyo usinisome kama mtu anayewanyooshea wengine kidole.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja hapa Dar es Salaam. Miezi michache iliyopita shule yetu ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kiingereza, nami nikateuliwa kuwa mmoja wa watu watano wa kuwasaili waombaji. Miongoni mwao alikuwemo mzee wa miaka 62, mstaafu wa serikali. Alipoingia nilisimama. Ndiye aliyenifundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili.

Tuliotoka shule za msingi za Kiswahili tunajua inavyokuwa. Miaka saba unasoma kwa lugha yako, kisha siku moja unakuta hesabu, historia, kila kitu ni kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa mtoto wa madrasa. Qur'ani naisoma, Kiingereza sijui hata kuomba ruhusa ya kutoka nje. Mwalimu huyu alituambia tusihangaike, nusu ya matamshi tumeshafundishwa na maalim wetu. Mnapotamka thaa, ulimi unakuwa wapi? Basi hapo hapo ndipo Mwingereza anapouweka akihesabu tatu. Na dhaal ndiyo anayoitumia akisema hiki na kile. Darasa zima tukatoa ncha za ndimi. Siku nyingine alitupa sentensi mbili za Kiswahili: "Nilipoteza ufunguo" na "Nimepoteza ufunguo". Akauliza, kati ya watu hawa wawili, ni nani tunayejua kwamba bado yuko nje ya mlango? Tulicheka, na kanuni ile ya Kiingereza sijaisahau mpaka leo.

Siku ya usaili kila mwombaji alipewa dakika 20 afundishe kidato cha pili. Mzee alifundisha vile vile, kwa sauti ile ile, na wanafunzi wakacheka pale pale tulipocheka sisi. Kijana mmoja alikuja na kompyuta mpakato, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Mwanafunzi alipomuuliza kwa nini nyakati zile mbili zinatofautiana, alijibu kwamba ni kanuni tu, zikaririwe.

Tulipobaki peke yetu maneno yakaanza. Mzee ni mzuri, lakini wazazi wanaolipa ada wanataka kumuona kijana. Kiingereza chake ni cha zamani. Akiugua je? Serikali yenyewe imempumzisha. Hakuna aliyesema hajui kufundisha. Wala hakuna aliyeuliza kijana atakaa nasi kwa muda gani, ilhali wote tunajua kuwa zikitangazwa ajira za serikali, vijana wetu huondoka hata katikati ya muhula, na hatuwalaumu.

Na mimi? Nilinyamaza. Niliogopa kuambiwa nampendelea mwalimu wangu. Zaidi ya hapo, mwenyekiti wa kikao ndiye anayesaini mkataba wangu.

Mzee aliitwa, akapewa kiti cha mbele, akaletewa juisi, akaombwa atuombee dua. Kisha akakabidhiwa bahasha yenye nauli na kuambiwa atapigiwa simu. Nilimsindikiza mpaka kituo cha daladala. Njiani aliniambia, "Mwanangu, mimi nilikuja kuomba vipindi, sikuja kuomba nauli."

Ndugu zangu Waislamu, kikao kile tulikifungua kwa kukumbushana mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba asiyewahurumia wadogo wetu na kuwaheshimu wakubwa wetu si miongoni mwetu. Tulidhani tumeitekeleza kwa kiti na juisi.

Wanazuoni wamepokea kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (RA) na mzee wa Kiyahudi, kipofu, aliyemkuta akiomba milangoni. Alipomuuliza sababu, mzee akataja jizya, shida na uzee. Umar alimshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akaagiza kwa mweka hazina kwamba si uadilifu kula ujana wa mtu halafu kumtupa anapozeeka. Huyo hakuwa hata Muislamu. Sisi tulioula ujana wa mwalimu wetu tulimpa bahasha.

Lakini tusikimbilie kwenye huruma. Mzee wangu hakuhitaji kuhurumiwa, alihitaji kupimwa kwa haki. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alipopendekeza Musa (AS) aajiriwe, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Umri hakuutaja. Pengine mtu atasema, nguvu si ndiyo ujana? Ibn Taymiyya alieleza kuwa nguvu ya kila kazi ni ya kazi hiyo: vitani ni ushujaa na ujuzi wa vita, katika hukumu ni elimu ya uadilifu na uwezo wa kuutekeleza. Basi nguvu ya mwalimu wa Kiingereza ni kumfanya mtoto wa Mbagala aelewe. Kubeba magunia hakumo.

Kipimo hicho kinakata pande zote. Mtume (SAW) alimpa Usama bin Zayd uongozi wa jeshi akiwa kijana mdogo, na ndani ya jeshi wamo masahaba wakubwa. Waliolalamika aliwajibu hadharani. Na wapo wazee, tusifichane, wanaoingia darasani na daftari lililochakaa na fimbo, wakaandika ubaoni na kusinzia. Huyo asiajiriwe, lakini kwa sababu anasinzia.

Na kama aya na hadithi zinatupita, hata sheria ya nchi inatushika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri hatakiwi kumbagulia mtu. Miaka 60 ni ukomo wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Haikuwekwa kuwa ukomo wa mtu kujua kitu. Shule zetu ni zetu wenyewe. Hakuna aliyetulazimisha kuufanya ukomo huo kuwa kisingizio.

Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta barazani na watoto sita wa jirani, ndimi nje, wakihesabu tatu. Nilisubiri wamalize. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilikuwemo na sikufungua mdomo. Alinyamaza kidogo, akasema amenisamehe, ila waliodhulumiwa zaidi ni watoto, na kwao yeye hana mamlaka ya kusamehe.

Kisha aliingia ndani akatoka na ile bahasha, haijafunguliwa. Akaniambia niirudishe kwenye mfuko wa shule. Nimeiandikia bodi barua nikiomba ombi lake lipitiwe upya, na wakaguzi wakae nyuma ya darasa wamsikilize. Kikao ni Jumamosi ijayo. Bahasha ninayo kwenye droo, na siku hiyo nitaiweka mezani kabla ya kuanza kusema.

Wabillahi tawfiq.