Nani Amezaa, Nani Amezalishwa

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya mkunga, ya kiwanda na ya kijana aliyetorokea Mombasa aliposikia habari: kuzalisha. Mkunga amemzalisha mama. Kiwanda kimezalisha korosho. Na yule jamaa? "Si alimzalisha, akamwacha." Hakuna anayeshtuka. Tumezoea kumweka mwanamke pale ilipokaa korosho.

Nimekulia Malindi, katika nyumba yenye Kigiriama na Kiswahili. Kwa Kigiriama kuzaa ni kuvyala. Kiswahili cha kale cha pwani ya kaskazini nacho kilisema kuvyaa, na bado tunacho kipande chake bila kujua: mavyaa, yaani mama mkwe, ni mama aliyemzaa mwenzako. Bibi yangu, tuliyemwita hawe, alikuwa mkali kwa jambo hili hata akizungumza Kiswahili. Ukimwambia jirani amezaa, alikujibu kuwa mbuzi ndiye azaaye, na mnazi, mtu hujifungua.

Wengi huona hiyo ni adabu tu, kama kusema haja ndogo. Mimi naona ni zaidi. Kujifungua ndicho kitenzi pekee katika ukoo huu ambamo mwanamke ni mtenda na mtendwa kwa pamoja. Alikuwa amefungwa, akajifungua, yeye mwenyewe. Mume hayumo, daktari hayumo, mkunga amekaa pembeni. Na fundo lenyewe linarudi kila mahali: mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, aliyeamua kutozaa tena amefunga kizazi. Wa mwisho ni kitinda mimba, na huyo hafungui wala hafungi. Kutinda, kwa watu wa Mombasa na Lamu, ni kuchinja.

(Kizazi, kwa njia, ni nyumba ya mtoto tumboni kabla ya kuwa jina la rika. Wale vijana waliojaa barabarani Juni 2024 wakiitwa Kizazi cha Z, ukichukua neno kwa maana yake ya mwili, waliitwa tumbo la uzazi la Z. Sina ubaya nalo.)

Kwenye matumizi ya mafumbo uzazi hauna shida kabisa. Mazungumzo yamezaa matunda. Pesa yako izae. Mradi umezaa ajira. Kikao cha magavana hutenda chenyewe, kwa fahari, na sijawahi kusikia kikao kilichopachikwa matunda. Kupachikwa ni kwa wasichana.

Mwaka 2018, wakati wa mitihani ya kitaifa, Kilifi ilijaa magazetini na redioni kwa sababu ya wanafunzi wenye mimba. Walipachikwa, walitiwa, walibebeshwa. Sarufi ya shule ilitufundisha kwamba kitenzi cha kutendwa hufuatwa na "na" inayomtaja mtenda: nyumba imejengwa na fundi. Vichwa vya habari husimama mlangoni kwa hiyo "na". Wasichana wapachikwa mimba, nukta. Na nani? Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18 ni unajisi. Kwa hivyo "na" iliyokosekana, kwa msichana wa miaka 14, ni mshukiwa aliyekosekana.

Kinyume chake hutokea mimba ikitoka. Hapo ghafla msichana hupewa utendaji wote. Imetoka, ametoa: tofauti ni herufi chache, lakini ya kwanza ni msiba na ya pili ni mashtaka. Mwaka 2019 msichana mmoja wa shule katika kaunti hii alifika zahanati akivuja damu. Mhudumu akamtibu. Polisi wakaja, wakawakamata wote wawili, na swali likawa hilo hilo la kitenzi: imetoka, au ametoa? Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi, chini ya Jaji Reuben Nyakundi, iliamua kwamba huduma ya kutoa mimba inalindwa na Katiba, na kwamba kuwakamata kiholela wagonjwa na wanaowatibu si halali. Kesi ikaenda Mahakama ya Rufaa. Watu wa dini na wa sheria watabishana kuhusu Kifungu cha 26 kwa muda mrefu, na wana haki ya kubishana. Mimi nimebaki na jambo dogo zaidi. Mtoto yule yule ambaye alipopata mimba lugha ilimwona hana mkono wala kauli, alipoipoteza lugha ilimwona mtu mzima mwenye nia.

Mtu ataniambia haya ni maneno tu, bana, njaa na umbali wa shule ndiyo mambo. Kweli. Lakini pwani hii inajua herufi moja inaweza kumfanya nini mtu. Malindi ya karne ya 19 ilikuwa mji wa mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara alikuwa na jina lake. Aliyezaliwa hapa hapa utumwani aliitwa mzalia. Leo nikijitambulisha kuwa mzaliwa wa Malindi naonekana nina kwetu. Ondoa w, kwa masikio ya wakati ule, na mimi ni mali ya mtu. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907, na neno likabaki kwenye kamusi likiwa limesafishwa: mwenyeji, basi.

Kwa sasa naandika taarifa za habari kwenye redio moja ya huku. Nilipopendekeza tuanze kuiandika ile "na", mhariri alinipa jibu ambalo sikuweza kulipuuza. Kijijini, ukimtaja mwanamume umemtaja msichana. Kila mtu anajua nani anakaa nyumba gani, na mara nyingi ni nyumba moja. Isitoshe, mshukiwa hajahukumiwa. Yote mawili ni sawa. Tukakubaliana jambo la katikati: pale polisi wanapothibitisha umri, tunaandika "alipachikwa mimba na mtu mzima". Ni maneno matatu, hayamtambulishi yeyote. Wiki iliyopita yalisomwa hewani saa moja jioni. Kwenye taarifa ya saa tatu yalikuwa yamekatwa ili kupisha matokeo ya mpira.