Dhahabu ya Seoul na Raundi ya Tisa

Mwamuzi alipoingia kati na kupunga mikono kwamba pambano limekwisha, bondia Robert Wangila wa Kenya hakukubali. Alikuwa bado amesimama, na alilalamika kwamba amekatishwa mapema. Ilikuwa raundi ya tisa, usiku wa Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, na mpinzani wake alikuwa David Gonzales. Baadaye, akiwa chumba cha kubadilishia nguo, Wangila alianguka na kupoteza fahamu. Madaktari walimfanyia upasuaji kuondoa damu iliyokuwa imevuja ndani ya fuvu, lakini hakuamka. Alifariki Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Namkumbuka Wangila kila ninapoulizwa kama kijana fulani atafika mbali katika ngumi. Safari hii aliyeniuliza ni mjomba wa kijana wa mtaani kwetu. Kijana ana miaka 19, amepanda ulingoni mara sita kwa ngumi za kulipwa na mara zote ameshinda, tano kwa KO. Mjomba ndiye anayemlipia nauli, glovu na mayai ya asubuhi. Alikuja nyumbani jioni, akakataa chai, akasema, "Kaka, wewe umewaona wengi. Niambie ukweli, huyu dogo atatoboa?"

Kesho yake nilikwenda kumtazama mazoezini. Nilichokiona kilinifurahisha, sitaki kumnyima haki yake. Mkono wake wa kushoto unafika kabla hujauona ukitoka. Anajua kupiga mbavu ili mwenzake ashushe viwiko, kisha konde linapanda kidevuni. Hachoki haraka. Wenzake wakimwona anavaa glovu wanaacha kuruka kamba na kusogea karibu. Kwa macho ya mtu wa ngumi, kipaji kipo, tena kingi. Lakini Wangila naye alikuwa nacho, na kwa kipimo chochote utakachochagua alikuwa nacho zaidi.

Mwaka 1987 alitwaa dhahabu ya uzito wa welta kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika kwao Nairobi. Mwaka uliofuata alikwenda Seoul kwenye Olimpiki na kikosi cha Kenya, ambacho mashabiki walikiita Hit Squad. Hiyo ni michezo ile ambayo majaji walimnyima Roy Jones Jr wa Marekani ushindi kwenye fainali ambayo dunia nzima iliona kwamba ameshinda. Wangila hakuwaachia majaji kazi. Kwenye fainali yake alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ngumi kwenye Olimpiki. Kabla yake Kenya ilikuwa na Philip Waruinge, fundi wa kweli, aliyerudi na shaba kutoka Mexico City mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Dhahabu haikuwa imepatikana. Na baada ya Seoul hakuna bondia wa Kenya aliyerudi na medali yoyote ya Olimpiki. Ukubwa wa Wangila ndio huo.

Fikiria basi swali la mjomba lingeulizwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 1988. Huyu atatoboa? Nani angethubutu kusema hapana?

Alikwenda Marekani akaingia ngumi za kulipwa. Alishinda mapambano 22, mengi kwa KO, na kupoteza matano. Si rekodi ya kuonea haya, ila mkanda wa dunia haukuja. Boudouani, yule aliyelala chini Seoul, alirudi Ufaransa akaendelea kujenga kazi yake, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA katika uzito wa super welta. Wakati huo mshindi wake alikuwa kaburini kwa miaka miwili. Nimewahi kuwaeleza vijana habari hii ya watu wawili wa fainali moja, na kila mara wanataka kujua Boudouani alijifunza konde gani jipya. Sidhani kama jibu liko kwenye konde.

Tuhesabu dakika. Olimpiki ya Seoul ilikuwa raundi tatu za dakika tatu, jumla dakika tisa, na kichwani bondia alivaa kofia ya kujikinga. Ngumi za kulipwa zinaweza kufika raundi kumi au kumi na mbili, na kofia hakuna. Usiku ule Las Vegas, hadi kengele ya raundi ya tisa inalia, Wangila alikuwa ameshapigana dakika 24. Huo ni karibu muda wa fainali tatu za Olimpiki kwa mpigo, uso ukiwa wazi. Mwili uliozoeshwa kumaliza kazi mapema unaweza kujifunza kuvumilia. Ubongo haujifunzi. Unaelea ndani ya fuvu, na mishipa midogo ya damu inauunganisha na utando ulioshika fuvu. Konde likitingisha kichwa, ubongo unachelewa nyuma ya mfupa, mishipa ile inavutwa, na siku moja mmoja unakatika. Damu inaanza kujaa polepole mahali pasipo na nafasi. Hili ndilo jambo la kutisha kuliko yote katika mchezo huu ninaoupenda: mtu anaweza kuwa anavuja damu kichwani na bado anasimama, anajibu maswali, anabishana na mwamuzi. Mwenyewe hajui. Ukimuuliza yeye kama yuko sawa, umemuuliza mtu asiyeweza kukujibu.

Ndiyo maana nasema tunamkagua mtu asiye sahihi. Tunamtazama kijana, tunapima mkono wake, miguu yake, moyo wake. Moyo hasa ndio tunaoupigia makofi. Ana moyo huyu, harudi nyuma, haachi. Lakini moyo huohuo ndio uliomfanya Wangila alalamike alipookolewa, kwa kuchelewa. Bondia mzuri hataomba kusimamishwa kamwe, hiyo ni sehemu ya ubora wake. Kwa hiyo lazima awepo mtu mwingine, karibu naye, mwenye ujasiri wa aina tofauti.

Nilimsimulia mjomba habari ya Manila. Oktoba 1, 1975, Muhammad Ali na Joe Frazier walikutana kwa mara ya tatu, joto la Ufilipino likiwachemsha wote wawili. Raundi ya kumi na nne ilipokwisha, jicho moja la Frazier lilikuwa limefumba kwa uvimbe na jingine lilikuwa haliyaoni makonde ya kulia ya Ali yakija. Ilibaki raundi moja. Dakika tatu tu za pambano la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Frazier alitaka kuinuka. Kocha wake, Eddie Futch, alimkalisha na kumaliza pambano pale pale kwenye kona. Kulikuwa na mamilioni ya dola, kulikuwa na dunia nzima inatazama, na Ali mwenyewe alikuwa hoi. Futch hakuyatazama hayo. Alitazama uso uliokuwa mbele yake. Frazier aliishi miaka 36 baada ya siku ile.

Mjomba alisikiliza vizuri, ni mtu msikivu. Akaniambia kwamba kocha wa kijana ni mtu mwema. Sina sababu ya kubisha. Lakini nilikaa pale mazoezini saa mbili na kuna mambo niliyaona. Kijana alipewa wenzake watatu wa kupigana nao mfululizo, wa mwisho akiwa mzito kwake kwa kilo nyingi, ili kumkomaza. Alipigwa konde moja zito la sikio, magoti yakalegea kidogo, akatabasamu. Vijana walishangilia lile tabasamu. Hakuna aliyesimamisha saa, hakuna aliyemvua kofia kumtazama machoni wala kumuuliza leo ni siku gani. Dakika mbili baadaye alikuwa anapiga tena, kwa nguvu zaidi, na kelele za kumsifu zikapanda.

Nikauliza pia habari za uzito. Wiki ya pambano anashuka kilo sita, nikaambiwa kwa fahari, nyingine kati ya hizo siku mbili za mwisho, kwa kuvaa nailoni na kukimbia juani na kutema mate. Hilo halinishangazi, ndilo linalofanywa kila mahali. Lakini ndugu zangu, maji yanayotoka kwa njia hiyo hayatoki kwenye misuli peke yake, na hayarudi yote kwa usiku mmoja wa kunywa uji na madafu. Kijana anapanda ulingoni akiwa amekauka ndani, na hapo ndipo watu wanategemea achukue makonde kumi na mbili ya kichwa ili apate nafasi ya kutupa lake moja.

Halafu wale wapinzani sita. Niliomba majina nikayafuatilia. Wanne walikuwa hawajawahi kushinda pambano. Simlaumu kijana, mtu hachagui wa kupambana naye akiwa mchanga, lakini maana yake ni kwamba zile KO tano hazijatuambia lolote kuhusu usiku atakaokutana na mtu anayerudisha. Na usiku huo unakaribia: kuna promota anataka kumpeleka nje ya nchi mwisho wa mwaka, raundi kumi, kwa fedha ambazo mjomba alizitamka kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma dua. Taarifa ya wiki tatu. Mpinzani ameshafika raundi ya kumi mara nane.

Mjomba alitaka niseme ndiyo au hapana. Nilimwambia kwamba mkono wa kijana ungenitosha kusema ndiyo. Kisha nikamuuliza swali langu moja. Siku hiyo ugenini, raundi ya saba au ya nane, kijana akiwa nyuma kwa pointi, anapigwa lakini hajaanguka, promota amekaa mstari wa mbele na nusu ya malipo bado haijatoka: ni nani kati yenu, kwa jina, atarusha taulo?

Alifikiri muda mrefu. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, tukawa tunasikia kelele zao. Mwishowe akasema hilo hawajalizungumza, kwa sababu kijana mwenyewe hapendi kusikia habari za taulo.

Nikamwambia arudi nyumbani akalizungumze, usiku uleule, kabla hawajasaini.