Mgeni Abebaye Nyumba Yake

Katika sharia yetu msafiri ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka, hata akiwa tajiri kwao, kwa kuwa njia humtenga mtu na mali yake na jamaa zake ikamweka mikononi mwa watu asiowajua. Na katika msingi huo huo ndimo ilimosimama adabu ya takrima, ya kwamba mgeni hukirimiwa siku tatu, na kizidicho hapo ni sadaka. Nauliza basi: msafiri asiyepungukiwa na kitu, ambaye kitanda chake, jiko lake, maji yake na hata choo chake vyote vimo garini, huyo ni mgeni wa nani?

Suala hili hudhihiri sana Hispania, ambako watu wengi, aghlabu wazee waliostaafu, huzunguka mashambani kwa magari yaliyo nyumba kamili. Kanuni za barabara za huko huwaruhusu kulala ndani ya gari mahali palipo halali kuegesha, maadamu haligusi ardhi ila kwa magurudumu yake, halimwagi maji, wala halitoi nje turubai, meza au kiti. Nia ya kanuni hiyo ni njema, nayo ni kuhifadhi nafasi za watu. Lakini kila niitafakaripo naona imemweleza barabara mtu aliyefika mahali pasipo kufika kwa mwenyeji.

Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri, alisafiri kinyume cha hivyo. Bwana huyu, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuueleza ukarimu wa Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, alivuka hata Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, yapata mwaka 1350, akapanda Ronda, mji ulioketi juu ya jabali, akamkuta kadhi wa huko ni binamu yake, akakaa huko siku kadhaa. Hakuwa na nyumba ya kubeba. Malazi yake yalikuwa katika hisani ya wengine, na ndiyo sababu kitabu chake kimejaa majina ya watu waliompokea.

Sasa tuutazame mji mwingine wa huko huko Hispania, Albarracín, katika mkoa wa Teruel, mji uliochukua jina la Banu Razin, ukoo wa Kiberberi uliotawala hapo karne ya 11. Kuta zake zapanda mlima hadi juu, nyumba zimekandikwa jasi ya rangi nyekundu, na vichochoro ni vyembamba hata mapaa ya nyumba zinazoelekeana hukaribia kugusana, kiasi ambacho mtu wa Lamu asingeona ajabu. Gari kubwa haliingii humo. Hapana budi liachwe bondeni, karibu na mto, na mwenyewe apande kwa miguu, akitweta, ana kiu, hajui kona ipi yatoka wapi, mpaka amsalimu mtu na kumwuliza. Waliojenga juu walimhofu adui. Lakini mlima wao leo humrudishia msafiri ile haja aliyoikimbia, nami naihesabu kuwa ni rehema.

Kwani mkoa huo umeondokewa na watu wake, vijana wakihamia Zaragoza, Valencia na Madrid, hata mwaka 1999 wenyeji wakaanzisha harakati waliyoiita Teruel Existe, yaani Teruel ipo. Watu waliofikia kudai hilo ndio hasa wenyeji ambao wahenga waliwaombea wapone kwa kuja kwa mgeni. Naye ajaye na chakula chake chote, akapiga picha ngome, akateremka kulala chini, ataniambia hakumdhuru mtu. Ni kweli, wala sisemi auze gari lake, maana wako wazee ambao pasipo gari hilo wasingetoka kwao kamwe. Lakini kutodhuru si takrima bado. Mwenyeji naye ana haki, haki ya kutoa, na haki hiyo humfikia tu kwa mkono wa mtu anayehitaji kitu. Na apande basi bila mkate, aulize kwa mwokaji ni wapi. Nami najua mwokaji huuza, hagawi bure, ila yule atakayemwelekeza njia hatamtoza kitu.