Timon Mchukia Watu

Jina la Shakespeare si geni kwetu. Hayati Mwalimu Julius Nyerere alitufasiria michezo yake miwili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Leo twautazama mwingine usiojulikana sana, ule wa Timon wa Athene, uliopigwa chapa mwaka 1623. Maana ndani yake mna ugonjwa wa roho uingiao hata katika nyumba za Wakristo.

Timon alikuwa bwana tajiri, mkarimu kupita kiasi. Rafiki yake Ventidius alipofungwa kwa sababu ya deni, Timon alilipa talanta 5 akamtoa kifungoni. Mtumishi wake alipokosa mali ya kumwezesha kuoa, alimpa. Washairi, wachoraji na wauza vito walijaa ukumbini pake, kila mmoja akimsifu. Flavius, msimamizi wa nyumba yake, alijaribu kumwonya kwamba mali inakwisha, wala hakusikilizwa.

Lakini angalieni jambo moja. Ventidius aliporithi mali ya baba yake, alitaka kurudisha zile talanta kwa shukrani. Timon akakataa. Kwake yeye, apokeaye malipo hawezi kusema ametoa. Neno hilo laonekana jema, kumbe ndimo ulimojificha mzizi wa maangamizi yake. Alitaka kuwa mtoaji siku zote, asimhitaji mtu ye yote. Hakujijua kuwa ni nani ila kwa kule kutoa kwake.

Wadai walipobisha hodi, Timon alituma watu kwa rafiki zake: Lucullus, Lucius, Sempronius, hata Ventidius mwenyewe. Wote walimnyima. Basi akawaalika karamu ya mwisho. Sahani zilipofunuliwa, hamkuwa na chakula, ila maji ya uvuguvugu. Akawamwagia maji hayo usoni, akawafukuza, akatoka mjini kwenda kukaa pangoni. Huko akajipa jina la Kiyunani, Misanthropos, maana yake mchukia watu. Mali ilipokwenda, ilikwenda pamoja na jina lake. Naye akatunga jingine kwa chuki.

Je, watu wote wa Athene walikuwa wabaya? Hasha! Flavius aligawa akiba yake ndogo kwa watumishi wenzake waliotawanyika. Kisha akamtafuta bwana wake kule pangoni, akalia mbele yake, akamtolea fedha kidogo aliyobakiwa nayo, akaomba amtumikie kama zamani. Timon alikiri kwamba amemwona mtu mwaminifu, mmoja tu. Hata hivyo akampa dhahabu aliyoichimbua alipokuwa akitafuta mizizi ya kula, akamwagiza awachukie watu wote, akamwambia aondoke. Hata hapo alikubali kutoa, hakukubali kupewa. Alikufa peke yake, na kaburini pake kando ya bahari yaliandikwa maneno ya laana.

Sasa kumbukeni karamu nyingine, ile ya Yerusalemu. Bwana wetu Yesu Kristo aliwajua wote walioketi naye: Yuda atakayemsaliti, Petro atakayemkana, na wengine watakaokimbia. Yeye naye alitwaa maji. Lakini hakuyamwaga usoni mwa mtu. Aliinama akawaosha miguu. Tena Mwokozi huyu, mwenye vyote, hakuona haya kupewa. Alimwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa, na msalaba wake ulibebwa na Simoni wa Kirene.

Wazazi wapendwa, Timon yumo vijijini na mijini mwetu. Ni baba aliyewasomesha watoto wa ndugu zake, na siku alipostaafu, wageni walikatika. Ni mama aliyeuguza jirani wengi, naye alipougua asimwone mtu. Jeraha hilo ni la kweli. Kukosa shukrani ni dhambi, na waliokula mezani pake wanalo la kuungama. Lakini mtu huyo akifunga mlango, akiacha jumuiya, akiwafundisha watoto wake kwamba binadamu wote ni wanafiki, amewahukumu wema pamoja na waovu. Amesahau pia kwamba heshima yake haikutokana na mkoba wake. Alipobatizwa akiwa mtoto mchanga, hakuwa na cho chote cha kutoa; alipewa tu. Siku ile aliitwa mwana wa Mungu, na jina hilo halifutwi na umaskini.

Basi, wewe uliyekula kwake ukashiba, usingoje siku ya mazishi ndipo uje na rambirambi. Nenda wiki hii ukamwamkie, hata kama huna ila kibaba cha unga. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nawe uliyejifungia ndani na uchungu wako, ukisikia hodi, usiulize kwanza walikuwa wapi siku zote. Fungua, upokee unga huo, useme asante.