Kanda la Usufi Kwenye Benchi la Bibi

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mara nyingi methali hii humsuta yule anayemwambia jirani aliyelala njaa, "Jikaze tu, yataisha!" Usufi hata ukijaa kanda zima, mtoto ataliinua.

Lakini methali haisemi kwamba msemaji ana roho mbaya. Inasema hajaubeba mzigo huo. Kosa lake la kwanza ni kutojua, na huruma isiyojua huishia kwenye mawaidha. Maskini naye hasalimiki: aliyezoea shida ndiye mwepesi wa kusema, "Mbona mimi nimevumilia?"

Zimbabwe wapo walioamua kuuliza kabla ya kushauri. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata Dixon Chibanda, daktari wa akili ambaye mgonjwa wake alijiua baada ya kukosa nauli ya kufika hospitalini, alianza kazi na bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaa wa Mbare, Harare. Chumba hakikupatikana, wakakaa kwenye benchi nje ya zahanati.

Bibi haanzi na ushauri. Anauliza maswali 14 ya ndiyo au hapana: usingizi unapatikana? Umewahi kufikiria kujiua? Kisha mgeni hutaja yanayomsumbua, labda kodi ya nyumba, kipigo cha mume au virusi vya UKIMWI, na kuchagua mwenyewe moja la kuanza nalo. Kanda linafunguliwa kabla ya kupimwa uzito.

Utafiti wa mwaka 2016, wenye washiriki 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Hata hivyo, kusikilizwa hakulipi kodi. Ndiyo maana baada ya benchi wapo wanaojiunga na vikundi vya kufuma mikoba kwa plastiki iliyotumika, ili waiuze. Viongozi wanaousifia mshikamano wa maskini majukwaani, huku bei na kodi zikipanda, wanaona usufi uleule. Tofauti yao na yule msemaji wa "Jikaze tu" ni kwamba wao wangeweza kuupunguza mzigo wenyewe.