Kabla Boksi Halijaimeza Taaluma Yako

Wanangu mnaofungasha mabegi kwenda Kanada, na ninyi mliokwisha kufika na bado mnalala sebuleni kwa ndugu, nisikilizeni. Nimekaa Ontario muda wa kutosha kuwapokea wauguzi kutoka Dar es Salaam, wahandisi wa barabara kutoka Nairobi, wahasibu wa Kampala na walimu wa Bujumbura. Wote walikuja na vyeti safi. Baadhi yao leo wanafanya kazi waliyosomea. Wengine bado wanabeba boksi katika maghala ya Brampton, na siyo kwa uvivu wala upungufu wa akili. Wengi wa waliofanikiwa walianza kuhangaikia leseni wangali nyumbani. Wengi wa waliokwama walisema, "Nikishatulia nitaanza."

Hakuna kutulia huku. Kodi ya nyumba haisubiri, majira ya baridi hayasubiri, na simu za nyumbani hazisubiri. Ndiyo maana nawasihi muanze sasa.

Kwanza elewa kwamba ruhusa ya kukaa na ruhusa ya kufanya taaluma yako zinatoka milango tofauti. Ukaazi wa kudumu unatolewa na serikali ya shirikisho. Leseni ya muuguzi, mhandisi, daktari, mwalimu au mwanasheria inatolewa na mamlaka ya jimbo, na kila jimbo lina taratibu zake. Ile tathmini ya elimu uliyolipia kwa ajili ya Express Entry, yaani mfumo wa kuomba ukaazi wa kudumu, ikasema shahada yako ni sawa na ya Kanada, inakuongezea pointi za uhamiaji. Haimpi muuguzi ruhusa ya kumhudumia mgonjwa, wala mhandisi ruhusa ya kugonga muhuri kwenye mchoro. Nimeona watu wazima wakishika karatasi ile kwa furaha, wakidhani safari imekwisha.

Takriban kazi moja kati ya tano nchini Kanada ndiyo inayodai leseni. Zilizobaki, kama kazi nyingi za kompyuta, mauzo, benki na uhasibu wa ndani ya kampuni, mwajiri ndiye anayeamua. Basi kazi yako ya kwanza, kabla hujakata tiketi, ni kujua taaluma yako iko upande gani katika jimbo unalokwenda.

Ikiwa iko upande wa leseni, shughulikia makaratasi ungali nyumbani. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Mamlaka za huku mara nyingi hazipokei transkripti kutoka mkononi mwako. Zinataka itoke chuoni moja kwa moja, kwa njia ya mtandao au katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Zinataka barua ya baraza lako la taaluma kuthibitisha kwamba umesajiliwa na huna kesi ya nidhamu. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, utakwenda mwenyewe ofisi ya msajili, utakaa kwenye benchi, utarudi kesho, utamjua kwa jina dada anayeandaa barua, na barua itatoka. Ukiwa Brampton utamtuma mdogo wako, ataambiwa mwenye cheti aje mwenyewe.

Na majina! Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti ina jina la mume. Herufi moja ikipishana, faili linasimama. Kamilisha hati ya kiapo kwa wakili nyumbani, linganisha majina yote, halafu ndipo utume maombi. Niliwahi kukaa na binti mmoja muuguzi, usiku, tumetandaza vyeti vyake juu ya meza ya jikoni. Jina la baba yake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu. Alikuwa mzuri kazini, mgonjwa yeyote angemtaka, lakini miezi mingi ilipotea kwa ajili ya hilo tu.

Kwa nini nawaharakisha? Kwa sababu taaluma ina muda wake. Mamlaka nyingi, hasa za afya, huuliza mara ya mwisho ulifanya kazi hiyo lini. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS yanadumu miaka 2. Ukikaa ghalani miaka mitatu, minne, unarudi mlangoni ukiwa na mtihani uliokwisha muda, na mikono ambayo haijashika sindano siku nyingi. Hapo utaambiwa usome tena. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Simkatazi mtu kubeba boksi. Chakula ni chakula, na kazi halali haina aibu. Ninachokataa ni boksi lisilo na tarehe ya mwisho. Na kama unaweza kuchagua, chagua kazi iliyo jirani na taaluma yako. Muuguzi anayelea wazee angalau anajifunza lugha ya hospitali za huku, ijapokuwa kazi hiyo haihesabiwi kama uuguzi. Kinachomfanya awe muuguzi ni usajili na mtihani wa NCLEX-RN, ambao Ontario na karibu majimbo yote yalianza kuutumia mwaka 2015. Mhandisi asiye na leseni anaweza kuajiriwa kukadiria gharama au kuchora chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Mwanasheria wa Tanzania, Kenya au Uganda ana bahati kidogo, kwa kuwa misingi ya sheria zetu ilitoka Uingereza kama ya majimbo mengi ya Kanada. Mitihani ipo, ila hatakuwa mgeni kabisa, labda akienda Quebec. Daktari ndiye mwenye mlima mrefu kuliko wote, kwa sababu akishafaulu mitihani bado anahitaji nafasi ya mafunzo hospitalini, na nafasi ni chache. Yeye namwambia waziwazi kabla hajaacha kazi yake nyumbani.

Mambo mengine yamelegea. Mei 2023 chombo kinachosajili wahandisi Ontario kiliondoa sharti la kuwa na uzoefu wa kazi wa Kanada. Tangu Januari 2026, waajiri wa Ontario wenye wafanyakazi 25 au zaidi hawaruhusiwi kudai uzoefu huo katika matangazo ya kazi. Ijue sheria hiyo, lakini usiitegemee peke yake. Anayesoma maombi yako bado ni binadamu asiyejua daraja ulilojenga.

Kwa hiyo andika wasifu wako kwa namna anayoielewa: kurasa mbili, bila picha, bila umri, bila dini, bila hali ya ndoa. Nimeona wasifu wa mhandisi hodari unaoanza na kabila na kumalizika na mchungaji wake kama mdhamini.

Usaili ndio unaowaangusha wengi wetu. Tumelelewa kutojisifu, na ni malezi mazuri. Siku moja nilimfanyisha kijana mazoezi ya usaili katika chumba cha maktaba ya mtaani. Nikamwuliza kuhusu kazi aliyojivunia. Akasema, "Tulijenga barabara ya kilomita nyingi." Nikamwuliza, wewe ulifanya nini? Akasema, "Tulisimamia." Nilimwuliza tena na tena, mpaka akasema kwamba yeye ndiye aliyegundua kasoro ya udongo na kubadilisha mpango wa mifereji. Jambo kubwa kama hilo alikuwa amelificha nyuma ya "tuli". Kusema ulichokifanya kwa mikono yako ni ushahidi, na msaili anautafuta.

Tafuta watu. Usimwombe mgeni kazi. Mwombe dakika ishirini akueleze yeye aliingiaje. Wengi hukubali. Toronto kuna shirika la TRIEC, ambalo tangu 2004 huwaunganisha wahamiaji wenye ujuzi na wenyeji wa taaluma zao. Shirika la Windmill Microlending hukopesha hadi dola 15,000 kwa ajili ya mitihani na masomo ya leseni. Na ninyi wa Congo na Burundi, Kifaransa chenu ni mali; tangu 2023 Kanada imekuwa ikiwachagua wanaokijua katika raundi maalumu za Express Entry.

Mtu akikutaka umlipe ili akupatie ajira, mkimbie. Anayelipwa kwa ushauri wa uhamiaji lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni, na majina yao yako hadharani.

Lililobaki ni gumu kulisema mbele ya wazazi, lakini lisemeni kabla ya kuondoka. Fedha ya kwanza mtakayoipata huku ina njia mbili: kutumwa nyumbani, au kulipia mtihani. Aliyetuma yote ndiye niliyemkuta akifanya zamu mbili, hana saa ya kusoma. Kaeni na baba na mama, waelezeni ada ya usajili ni kiasi gani na mtihani utafanyika lini, na kwamba mpaka hapo mtatuma kidogo. Watawaelewa kuliko mnavyodhani. Ni walewale waliowalipia ada ya shule kwa mafungu, wakimwomba mwalimu mkuu awavumilie hadi mavuno.