Makunyanzi ya Mke Wako ni ya Nani?



Baada ya mafundisho ya ndoa, akina mama huniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni dhambi mke wa mtu kupaka krimu ya kuondoa makunyanzi?" Akina baba hawaulizi hivyo. Wao hutaka kujua kwa nini pesa za nyumbani zinaishia katika vikopo vya mafuta ya uso. Ukiyatazama vizuri maswali haya mawili, utaona ni swali moja, na linafaa kujibiwa mume na mke wakiwa wameketi pamoja.

Kutunza ngozi si dhambi. Mtu anayeoga, anayechana nywele na kuvaa nguo safi anaushukuru mwili aliopewa. Tena kuna akina baba wanaowacheka wake zao kwa kujipaka krimu, na kumbe wao wenyewe wamepaka nywele rangi nyeusi kuficha mvi. Kama ni majivuno, basi ni majivuno ya wote wawili. Jambo la kuuliza ni hili: ni nini kilichomfanya mama akichukue kile kikopo dukani, na kwa nini anakificha chini ya nguo?

Kwanza tujue makunyanzi yanatoka wapi. Umri huyaleta, lakini jua huyaharakisha sana, na sigara vilevile. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ndiyo maana kwetu makunyanzi huchelewa kuliko kwa Wazungu. Lakini kinga hiyo ina kikomo. Mtazame mama anayeanika omena ufuoni Mbita, Kendu Bay au Sori. Jua linampiga kutoka juu, na maji ya ziwa yanamrudishia mwanga usoni. Anakunja macho tangu asubuhi hadi jioni. Akifika miaka 40, mistari imeshajichora pembeni mwa macho. Yule anayelima mahindi Rongo au kuuza mboga Oyugis naye hakosi yake.

Sasa baba, fikiri kidogo. Karo ya watoto wako ililipwa na nini? Kama ni zile omena na yale mahindi, basi makunyanzi ya mke wako si yake peke yake. Ni sehemu ya gharama ya nyumba yenu. Mume anayeudharau uso huo anadharau kazi iliyomlisha. Anayemwambia mkewe, "Siku hizi umezeeka, mwone mke wa fulani," amekwisha kumchagulia krimu bila kutoa shilingi moja. Mwanamke mara nyingi hachagui peke yake. Maneno ya nyumbani ndiyo yanayomsukuma.

Nasema "kumchagulia" kwa sababu mtu mwenye hofu hachagui vizuri. Huchukua kile kinachoahidi haraka. Na kile kinachoahidi kuondoa makunyanzi, madoa na weusi kwa siku chache ndicho cha kuogopwa. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki. Watu wa Nyatike wanaijua zebaki: ndiyo ambayo wachimbaji wa dhahabu kule Macalder na Osiri huitumia kunasia vumbi la dhahabu. Ni sumu. Ikipita kwenye ngozi huweza kuharibu figo. Nyingine zina hydroquinone, ambayo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huacha madoa meusi kuliko yale ya kwanza. Nyingine zina dawa kali za hospitali kama clobetasol, ambazo hufanya ngozi iwe nyembamba. Mama alitaka uso laini, naye anapata uso unaochubuka upesi na kukunjika zaidi. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone mwaka 1998, lakini sheria haifiki katika kila kibanda cha soko.

Tena zebaki haibaki kwa aliyejipaka. Huhamia kwenye taulo, kwenye mto wa kulalia, kwenye shavu la mtoto anayebebwa. Mume asiyejua lolote anaishi nayo kila usiku. Hapo ndipo tunapoona kwamba katika ndoa uso wa mtu si mali yake peke yake. Krimu iliyonunuliwa kwa siri inamgusa kila anayelala katika nyumba hiyo. Kwa hiyo siri ndiyo kosa la kwanza kurekebishwa, kabla hata ya krimu yenyewe. Na haitarekebishwa kwa mume kufoka. Itarekebishwa mke akiona kwamba anaweza kusema bila kuchekwa.

Basi mkitaka kununua, ulizaneni mambo matatu.

La kwanza, ndani mna nini? Someni kibandiko. Kama hakina orodha ya vitu vilivyomo, au kina maneno mercury, calomel, hydroquinone au clobetasol, kirudisheni. Mkiwa na shaka, mwulizeni mfamasia au daktari. Msimwulize mwenye kibanda, maana yeye anataka kuuza.

La pili, kinaweza kufanya nini kweli? Mafuta ya kawaida ya kulainisha, hata yale mazito ya bei nafuu ambayo kila nyumba inayo, huzuia maji yasitoke kwenye ngozi, na mistari midogo huonekana kupungua. Krimu ya kukinga jua yenye alama ya SPF 30 au zaidi huzuia makunyanzi mapya, pamoja na kofia pana au leso. Zipo pia dawa zitokanazo na vitamini A ambazo hupunguza makunyanzi kidogo baada ya miezi mingi. Hizo zahitaji ushauri wa daktari, na mama mjamzito asizitumie. Hakuna krimu inayomrudisha mtu wa miaka 45 kuwa wa miaka 20.

La tatu, fedha yake inatoka wapi, na wote wawili mmekubali? Kama mama ana haki ya kikopo cha mafuta, baba naye ana lake analolipenda. Wekeni yote mezani. Mke asiombe kama mtoto, na mume asitoe kama mfadhili.

Mkishajibu hayo, bado liko moja ambalo dukani haliuzwi. Siku ya harusi mliahidiana miaka yote, na miaka haipiti bila kuacha alama. Anayempenda mwenzake kwa sharti kwamba asibadilike anampenda mtu ambaye hayupo tena, huku aliye hai akikaa karibu naye akiwa mpweke. Mama atumiaye mafuta mazuri kwa furaha yake ni tofauti kabisa na mama anayejichubua kwa kuogopa kuachwa. Vikopo vyaweza kufanana, lakini nyumba zao hazifanani.

Kwa hiyo, baba, usingoje mpaka uone kikopo. Leo jioni mtazame mke wako usoni, umwambie jambo moja unalolikumbuka kila unapoiona mistari ile: msimu wa njaa mliouvuka, mtoto mliyemwuguza. Nawe mama, kama kuna kitu umekificha kabatini, kitoe mkisome kibandiko chake pamoja. Kama ni salama, kitumie kwa amani. Kama ni sumu, acheni kukitumia leo hii, mkifunge vizuri na kumpelekea mfamasia. Na kama ulikitumia kwa muda mrefu, nendeni nyote wawili mkamwone daktari.